Abiria wa Kopo la Samli

Tulilikuta kabatini kwa Mama, nyuma ya masufuria makubwa ya sherehe, limefungwa kwenye kipande cha kanga kilichochakaa. Kopo la samli, la yale ya bati ya zamani yaliyokuwa mazito mkononi hata yakiwa matupu. Matanga yalikuwa yameshaondolewa, ndugu wameshapanda mabasi yao, tukabaki mimi na mdogo wangu Mabula kugawa vyombo. Mabula alilifungua, akalinusa, akakunja uso. Halafu akakielekeza kifuniko dirishani, na vitone vya mwanga vikamwangukia shavuni.

"Dada, haya matundu ya nini?"

Nikaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Ndivyo nilivyo, jambo likinigusa, miguu inaniwasha. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ninavyokaa kitini utadhani nimekalia siafu. Nimehama nyumba mara nyingi kuliko mpangaji asiyelipa kodi, na kila nyumba niliyohamia nimeacha mizigo fulani bila kuifungua, kwa tahadhari tu. Watu hudhani ni tabia ya kuzaliwa. Si ya kuzaliwa. Niliipata Maganzo, ule mwaka tuliokuwa tukingoja gari.

Wenzangu wa rika langu mliokulia upande ule mnaikumbuka Maganzo ya siku zile. Barabara ya vumbi jeupe, maduka ya Wahindi yamepangana upande mmoja, na wanaume waliochafuka hadi kope wakinong'onezana vichochoroni juu ya vijiwe vilivyofungwa kwenye karatasi. Baba alikuwa mmoja wao. Alichimba almasi tangu nilipopata akili, na hakuwahi kupata ya kujaza hata jicho la sisimizi. Ndipo habari za dhahabu ya Geita zilipomfikia, nazo zikamwingia kama homa. Asubuhi moja alipanda lori la pamba na blanketi lake begani. Hakutuaga kwa maneno mengi. Alimwambia Mama, "Kaeni tayari. Duara likitema tu, nakuja na gari."

Duara ndilo shimo la wachimbaji, na kutema ni kutoa mali. Sisi watoto tulilipokea neno lile jinsi lilivyo. Nililiona duara kama mdomo mkubwa wa nyoka huko Geita, na Baba amekaa pembeni akingoja liteme.

Mama naye alikuwa mtu wa kushika neno. Akiambiwa "kaeni tayari", anakaa tayari. Aliwauza kuku wetu wote kwa Mama Karim, mwenye duka la vitambaa na vyakula pale barabarani. Mbuzi akawapeleka kwa kaka yake. Akafunga vyombo kwenye gunia, akafunga jembe na shoka kwa kamba ya katani, akaning'iniza mbegu za maboga kwenye kifuko juu ya mlango ili asije akazisahau siku ya safari. Mafurushi yakapangwa mlangoni, na kuingia ndani ikawa lazima uyapande.

Mvua zikaja. Majirani wakaenda shamba na majembe mabegani, na walipopita walimwita. Mama alisimama mlangoni, akiangalia udongo wake uliolowa.

"Nimpandie nani?" alisema. "Nikipanda, atakayekula ni mgeni."

Hakupanda hata mchicha. Shule nayo ikanipita. "Mwalimu akuandikishe leo halafu kesho tuhame? Hebu tulia." Lakini kutulia ndiko hasa kulikokuwa hakupo. Kila muungurumo wa gari ulimwinua Mama. Alikuwa akila amechuchumaa, tonge mkononi, sikio barabarani. Lori likisikika upande wa magharibi, anasimama, anajifunga kanga vizuri, anatoka. Lori linapita. Anarudi, anachuchumaa, anatafuta tonge alipoliacha. Sikumbuki kumwona mwaka ule amekaa chini akanyoosha miguu kama wanawake wengine.

Na chakula chetu kilikuwa chakula cha safari. Mboga za majani zilipoota na mvua, Mama alizichuma hapo hapo karibu na nyumba, akazichemsha, akazianika juani mpaka zikawa nyeusi. Hiyo kwetu ni nsansa, na kila Msukuma anaijua. Ila wenzetu waliila pamoja na mboga mbichi, sisi mbichi hatukuionja. "Mboga mbichi haisafiri," alisema Mama. Viazi alivyonunua alivikata vipande akavianika vikawa michembe. Mahindi meupe tulikuwa nayo gunia zima. Asubuhi michembe, mchana ugali na nsansa, jioni ugali na nsansa, na ukiomba kingine unaambiwa utakula Geita. Nataka hili lieleweke: tulishiba. Njaa hatukulala nayo hata siku moja.

Sasa, nyuma ya mlango wetu palikuwa na mtungi wa maji, na chini ya mtungi, penye unyevu, mvua zile zilituletea chura. Mkubwa, rangi ya udongo, amejaa vipele, macho ya dhahabu. Alikuwa akilala mchana kutwa, jua likizama anatoka kuwinda, alfajiri anarudi na tumbo lake. Majirani walisema tummwagie chumvi aondoke. Mama akakataa. Kwao, alisema, chura aliyejichagulia makao mwenyewe chini ya mtungi ni wa nyumba ile, hafukuzwi.

Mvua zilipokwisha, dereva wa lori la pamba alisimama kwetu na salamu nzito kuliko za kawaida. Duara lilikuwa limeanza kutema. Baba angekuja wiki ile ile. Mama aliyafunga mafurushi upya, akikaza kamba kwa meno.

"Na chura?" nilimuuliza.

"Cha nyumba kinahama na nyumba," alinijibu kamba ikiwa mdomoni, wala hakugeuka.

Mtoto akipewa amri na mama mwenye haraka hangoji ufafanuzi. Nilikimbia kwa Mama Karim kuomba kopo tupu. Alinipa la samli, akaniuliza la nini, nikamwambia la abiria. Nikatoboa kifuniko kwa msumari na jiwe, nikatia mchanga uliolowa, nikamtoa chura chini ya mtungi na kumtia ndani. Jina lake likawa Abiria. Mabula, ambaye alikuwa bado anatembea na tumbo mbele na kaptula ikimvuka, alipiga makofi. Nilimweleza kwamba sasa Abiria hawezi kuachwa hata gari likija ghafla.

Wiki ile ilipita, na ile ya pili. Kiangazi kikaingia na upepo wake wa vumbi. Abiria akabaki ndani ya kopo.

Kumlisha kulinipa sifa kubwa kwa Mabula. Kwanza nilimwekea kumbikumbi wakavu, wale tuliowaanika wakati wa mvua, akawatazama tu kama mtu aliyeletewa kokoto. Nikagundua kwamba chura haoni chakula mpaka chakula kitembee. Basi nikachomoa uzi wa gunia, nikamfunga kumbikumbi mkavu kiunoni, nikamchezesha mbele yake. Abiria akageuka, akainua kifua, na ulimi ukatoka ukarudi na mzigo kabla hujapepesa jicho. Mabula alicheka mpaka akakaa chini. Kila siku tulimchezeshea kumbikumbi wa uzi, na wakipungua tulimfungia kipande cha ugali. Alinenepa. Niliamini nimefanya kazi ya Mungu.

Sikumbuki siku hasa alipoanza kubadilika. Nakumbuka ngozi yake iliacha kung'aa, ikawa inambanduka vipande vinavyoning'inia. Miguu ya mbele ikaanza kutetemeka akijaribu kuinua kifua. Akawa analaza kidevu mchangani, hata nikimgusa taya linabonyea kwa ulaini wake. Mgongo ukapinda juu ya nyonga, ukafanya kigongo. Na ulimi. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote. Alikuwa bado anataka kula. Anamwona kumbikumbi, anamlenga, ulimi unatoka, unamgusa kabisa, halafu unarudi mtupu. Kumbikumbi anabembea kwenye uzi wake. Anajaribu tena, unarudi mtupu tena.

Mimi nilijua sababu, au nilidhani najua. Abiria alinuna. Alikuwa amechoka kungoja kama sisi, ndiyo maana anajifanya hawezi. Nikawa nafunua kifuniko nikimwambia, kwa sauti ile ile ya Mama, "Gari linakuja. Kaa tayari." Siku hizi mjukuu wangu anayesomea mifugo amenieleza kwamba chura anayefungiwa akala chakula kile kile kikavu hukosa chokaa ya mifupa, ikalainika na kupinda, na akikosa vitamini A ulimi wake hukauka ute, basi hata akilenga vipi hakinati kitu. Nilimsikiliza, nikamwambia asante, nikatoka kwenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Maana si Abiria peke yake aliyeanza kukosa.

Jua lilipokuwa likizama, Mabula alikuwa akinyoosha mkono kwenye sahani ya ugali na mkono unatua pembeni, kwenye majivu. Mama alimkemea. Akitoka ndani alijikwaa kwenye mafurushi ya mlangoni, yale yale aliyoyapanda na kuyashuka mchana kutwa bila shida. "Angalia unapokanyaga," alisema Mama. "Macho umeyapeleka wapi?" Baada ya muda aliacha kutembea jioni. Giza likianza tu, anakaa pale pale lilipomkutia, kama kuku, na ukimwita haji. Mama alisema amekuwa mkaidi, na kwamba Baba akija atamnyoosha.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuona mtu anayelenga akakosa. Nilimwona kila siku ndani ya kopo. Ndiyo maana jioni moja, nje bado kuna mwanga wa kutosha kuona rangi ya kanga, nilichukua kile kile kijiuzi nikafunga kipande cha mchembe, nikakichezesha mbele ya uso wa Mabula. Mchana alikuwa akikidaka kwa kelele. Jioni ile aliangalia mbele tu. Nikakipeleka kushoto, nikakipeleka kulia, karibu kimguse pua. Macho yake hayakukifuata.

"Dada," alisema, "mbona umenyamaza?"

Niliogopa hofu ambayo sijaipata tena ukubwani. Kwa sababu nilijua kilichotokea, na ujuzi wangu wa siku zile ulikuwa wa kutisha kuliko ujinga. Watoto wote wa Maganzo walijua kwamba mkojo wa chura ukiingia machoni unapofua. Na Mabula alikuwa amemshika Abiria, Abiria akamkojolea kiganjani, na kiganja kile kile akakipeleka machoni. Nilimwona. Kwa hiyo nilianza kumwosha uso asubuhi, mchana na jioni, nikimsugua mpaka analia, na yeye hajui kosa lake. Usingizi nilipata wa mang'amung'amu. Nikila siketi, nikiketi situlii. Nilikuwa mtoto wa mama yangu kweli kweli.

Mwishowe nilimwambia.

"Mama, Mabula haoni jioni."

Alikuwa akichambua nsansa, mawe huku, majani huku. Mkono ulisimama.

"Nani amekwambia?"

Nikaleta uzi. Nikamwonyesha jioni ile, kama nilivyofanya. Mama alichukua uzi akajaribu mwenyewe. Halafu akamshika Mabula kidevu, akamgeuzia upande wa magharibi ulikokuwa bado mwekundu, akamwangalia ndani ya macho kwa muda mrefu.

"Nimempofua mimi," nilisema. "Ni chura wangu."

"Nyamaza kwanza, mayu," alisema Mama. Kwetu mama humwita binti yake hivyo anapombembeleza, na Mama hakuwa mtu wa kubembeleza.

Zahanati ya misheni ilikuwa mwendo wa kutoka alfajiri na kurudi magharibi. Nilitegemea twende kesho yake. Hatukwenda. Mama alitoka mpaka barabarani, akarudi, akatoka tena. Usoni nilimwona anavyoshindana na nafsi yake. "Baba yenu akija akakuta hatupo?" alisema, kwa kuwa dereva alikuwa amepita tena na neno lile lile la wiki hii hii. "Gari la kukodi halingoji mtu. Atajua tumekataa kwenda." Keshokutwa, alisema. Keshokutwa ikawa Jumapili, na baada ya Jumapili dereva mwingine akasema ameliona lori la Baba limeegeshwa Buseresere, huko huko Geita, linatengenezwa gurudumu. Majirani walitupoza kwa subira yavuta heri. Mmoja tu, mwanamke mwenye mdomo, ndiye aliyesema ngoja ngoja huumiza matumbo, na Mama hakumsalimia kwa muda.

Kisha ikaja ile jioni. Lori lilisikika magharibi, zito, na badala ya kupita likapunguza mwendo. Mama alishatoka. Taa zake zikapinda kuelekea kwetu zikamulika ukuta. Mabula, aliyekuwa ameketi mahali pake pa jioni, aliona mwanga. Ndicho kitu pekee alichoweza kukiona, na alikuwa amefundishwa mwaka mzima kwamba mwanga ule ni Baba. Aliinuka akakimbia moja kwa moja kwenye taa, mikono mbele, akiita, "Baba! Baba!" Kati yake na barabara palikuwa na mtaro. Mchana aliuruka kila saa. Alitumbukia kama jiwe.

Utingo ndiye aliyemtoa. Paji la uso lilikuwa limepasuka, damu imeingia kwenye yale macho. Dereva alishuka, akasema alipunguza mwendo kwa sababu ya ng'ombe tu, kwamba hamjui Baba wala hajawahi kufika Geita. Waliomba radhi, wakaondoka. Mama alibaki amesimama barabarani na mtoto kifuani mpaka vumbi likatua.

Kabla hapajapambazuka vizuri alimfunga Mabula mgongoni. Hakuangalia barabara. "Njoo na huyo chura wako," aliniambia, "mganga amwone."

Basi nilitembea nyuma yao na kopo kichwani. Abiria hakuwa akijigonga ndani tena kama zamani. Alikuwa akiteleza tu upande mmoja hadi mwingine nikikosea hatua.

Muuguzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu. Alimshona Mabula paji, akamfunua kope, akamwonyesha Mama madoa kama povu la sabuni pembeni mwa mboni.

"Jioni haoni," alisema. Hakuuliza.

"Haoni," alisema Mama. "Ni mkojo wa chura."

Nikaliweka kopo mezani nikalifunua. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Muuguzi alichungulia, akarudi nyuma, akachungulia tena.

"Huyu naye ana nini?"

"Analenga, anakosa," nilisema. "Na mifupa imelegea."

"Mnamlisha nini?"

"Kumbikumbi wakavu. Na ugali."

Alinitazama, halafu akamgeukia Mama. "Na mtoto anakula nini?"

Mama alijinyoosha. "Anashiba. Mimi sina mtoto wa kulala njaa."

"Sikuulizia shibe, mama. Mboga gani?"

"Nsansa."

"Nyingine?"

"Nsansa."

"Mbichi hamli? Matembele? Boga? Papai? Yai? Ini la mbuzi hata mara moja?"

Mama alisema polepole, "Tuko safarini."

"Mnakwenda wapi?"

"Geita."

"Tangu lini?"

Nilimjibia Mama mimi, kwa kuwa nilidhani hajui. "Tangu kabla ya mvua za mwaka jana."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. "Mama," alisema, "ni safari gani hii mnasafiri mmekaa? Chura hajampofua mtu. Hawa wawili wanaumwa kwa sababu wanakula chakula kimoja." Kisha akachota mafuta ya samaki kwenye kijiko. Yalinuka kama mwalo mzima wa ziwani. Akambana Mabula mashavu akammiminia, akatupa chupa ya kwenda nayo. "Mmewahi," alisema. "Mngekaa tayari hadi mwezi ujao, kioo cha jicho kingechubuka, na hapo sina dawa."

Njia nzima ya kurudi Mama alitangulia. Nilikuwa nikimwangalia visigino, vilivyopasuka na kujaa vumbi. Karibu na Songwa alichepuka kwenye nyumba ya watu tusiowajua, akapiga hodi, akaomba mashina ya matembele. Alitoka na kitita kinachodondosha maji, akakibeba kwa mikono yote miwili.

Tulipofika nyumbani hakupumzika. Alichukua kisu akakata kamba ya furushi la jembe. Ile kamba aliyoikaza kwa meno, ambayo angeweza kuifungua taratibu akaitumia tena, aliikata. Akalima nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea. Akapanda matembele, kisha akavua kifuko juu ya mlango na mbegu za maboga zote akazifukia pale pale Maganzo.

"Mfungulie," aliniambia.

Nililikumbatia kopo. "Gari likija atabaki."

"Hakuna gari," alisema Mama.

Mwaka mzima hakuna aliyewahi kulisema nyumbani kwetu. Nililia, sijui kwa huzuni au kwa nafuu. Nikaliinamisha kopo kwenye udongo uliolowa. Abiria alitoka akijikokota, hakuruka. Akajiburuza mpaka chini ya majani ya matembele, mgongo wake umepinda, akapotea.

Mama Karim alipopata habari alianza kutuma mayai. "Mwambie Mama ni ya kuku wake mwenyewe," alisema, "wamemkumbuka." Papai tulipewa na yule yule jirani mwenye mdomo. Ini tulilipata kwa mjomba alipochinja, Mama akamwekea Mabula peke yake, nami nikaambulia kulamba sufuria. Halafu mvua zikanyesha, na kila kitu kilichokuwa kimekauka kikaanza kutembea, mchwa, panzi, siafu, mbu. Mabula alimeza mafuta yake kila siku kwa vilio. Lakini jioni aliendelea kukaa pale giza lilipomkutia. Mama hakumjaribu tena kwa uzi. Nadhani hakuthubutu. Alikuwa akimtazama tu, akainamisha macho, akaenda kumwagilia matembele.

Geita tulikuja kuhamia baadaye sana, na huko nako tulihama tena na tena, maana Baba alikuwa Baba. Lakini mimi nikifikiria mwisho wa mwaka ule, nafikiria jioni Baba alipokuja.

Alikuja kweli. Maboga yalikuwa yametambaa mpaka kwenye mlango, maua yake ya manjano yamejifunga kwa usiku. Lori lilisimama, injini ikiunguruma, na Baba akashuka amekonda, na kofia mpya. Aliangalia mafurushi yaliyofunguliwa, masufuria yaliyoning'inizwa ukutani, majani kila mahali.

"Mama watoto," alisema, "si niliwaambia mkae tayari?"

Mama alikuwa na beseni la matembele mkononi. "Tumepanda," alisema.

"Mmepanda? Gari hili ni la kukodi. Dereva anataka kuingia Geita alfajiri."

Dereva akapiga honi, kama kuthibitisha. Nilimwona Mama anavyoanza kujifunga kanga, kwa mazoea ya mwaka mzima, mguu mmoja mbele. Nikajua tunakwenda.

Mabula alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango, karibu na mtungi. Huko giza lilikuwa limeshaingia kabisa. Mimi mwenyewe mwenye macho mazima niliona weusi tu wa mtungi na unyevu unaong'aa chini yake.

"Dada," aliita. "Abiria amerudi."

"Umejuaje?"

"Si huyu hapa? Mgongo wake ule ule." Halafu akacheka, kile kicheko cha kukaa chini. "Amemla. Ametoa ulimi, amemdaka mchwa, amemla!"

Mama aligeuka. Alimtazama Mabula kule gizani, anavyoangalia kitu ambacho yeye Mama hakukiona. Beseni likamponyoka, matembele yakamwagika miguuni pa Baba. Kisha Mama akakaa. Alikaa chini kabisa, kwenye udongo, akanyoosha miguu yake yote miwili mbele yake, akafunika uso kwa kanga akalia. Baba alisimama na kofia yake, haelewi, akituangalia mmoja mmoja.

Gari likapiga honi tena, mara mbili, kwa hasira. Mama hakuinuka.